"Si Ugonjwa wa Hospitali": Lugha ya Familia za Wagonjwa wa Saratani, kutoka Kufikirika hadi Samunge

Wahakiki wengi wa Kufikirika ya Shaaban Robert wameisoma sehemu ya waganga kama kejeli dhidi ya ushirikina. Mfalme hana mrithi. Waganga wa mizizi, wa hirizi, wa makafara na wengineo wanaitwa kundi baada ya kundi, na msomaji anaachiwa awacheke. Usomaji huo si potofu, ila ni mwepesi. Unawatazama waganga na kuisahau familia iliyowaita. Mfalme hakuwaita kwa sababu ya ujinga. Amekosa mtu wa kumpa habari mbaya kwa maneno yatakayomwachia jambo la kufanya kesho yake asubuhi. Baadaye, mwana wa mfalme anapougua na utabiri kudai kafara ya mjinga na mwerevu, swali linakuwa ni nani atakayelipia uponaji wa mgonjwa. Hilo ni swali la familia kabla halijawa la itikadi.

Mwaka 2011 swali hilo lilitoka vitabuni likajipanga barabarani. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alitoa kikombe cha maji yaliyochemshwa na mizizi ya mti uitwao mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500. Kilidaiwa kuponya UKIMWI, kisukari, pumu na saratani. Foleni ya magari ilienea kilometa nyingi, na wapo wagonjwa waliofia humo wakisubiri zamu. Madai hayo hayakuthibitishwa kitabibu, na Masapila mwenyewe alifariki mwaka 2021. Kilichobaki kwa mwanaisimu ni msamiati. Watu hawakusema wanakwenda kunywa dawa. Walisema wanakwenda "kupata kikombe". Chombo kikachukua nafasi ya kilichomo, nacho ni chombo chenye uzito wa ushirika wa meza kwa kila Mkristo aliyepanga foleni. Dawa hailingani na dawa nyingine bila kuulizwa kipimo na ushahidi, lakini kikombe hakiulizwi hivyo. Masharti nayo yaligeuza uelekeo wa tiba: kikombe kilitolewa na mkono wa Babu, palepale Samunge. Dawa haikumfuata mgonjwa. Mgonjwa ndiye aliyebebwa, hata yule asiyeweza tena kuketi.

Ni rahisi kuwaeleza waliombeba kwa methali ya mfamaji asiyeacha kutapatapa. Methali hiyo haitoshi. Katika saratani iliyofikia hatua za mwisho, anayetapatapa aghalabu si anayezama. Sarufi ya kikao cha familia inalionyesha hilo waziwazi: "tumpeleke", "tumjaribishie", "tusimwambie". Kiima ni sisi, njeo imeachia nafasi dhamira tegemezi, na mgonjwa amebaki kiambishi kimoja cha yambwa, -m-. Kitenzi "kujaribu" kinaficha mengi hapa. Kwa kawaida anayejaribu ndiye anayebeba hasara ya kushindwa. Katika "tumjaribishie", wanaojaribu ni ndugu, na anayeoza mgongo kwenye kiti cha basi ni mwingine.

Hata hivyo, lawama zote zikiwekwa kwenye kikao cha familia, kosa la Kufikirika litakuwa limerudiwa. Kikao hicho huanza na sentensi iliyosemwa wodini: "Ugonjwa huu hautibiki tena hapa hospitalini." Kila mofimu yake ni mlango. Kauli ya kutendeka katika "hautibiki" inachanganya mambo mawili, kwamba ugonjwa hauponi na kwamba mgonjwa hatahudumiwa. "Kutibu" ni kitendo na "kuponya" ni tokeo lake, lakini matangazo ya ukutani yenye neno "tunatibu" yamekwisha kuyafanya kitu kimoja. Kisha kinakuja kielezi cha mahali, "hapa hospitalini", ambacho kwa mantiki ya kawaida ya mazungumzo kinadokeza kwamba mahali pengine papo. Familia haihitaji kushawishiwa na mganga yeyote ili ifikie uamuzi wa kale, kwamba huu si ugonjwa wa hospitali. Daktari ameshaisaidia kuutamka.

Istilahi rasmi nazo hazisaidii. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya Tanzania ya mwaka 2002 imeviweka viwili hivyo pamoja katika jina lake. Lakini "mbadala" hutokana na kubadili: chenye jina hilo hushika nafasi ya kingine. Familia inayompa mgonjwa mchaichai huku akiendelea na mionzi haijabadili kitu, wakati ile iliyoacha mionzi kwa ajili ya chupa ya mitishamba imebadili kila kitu. Zote mbili huambiwa zinatumia tiba mbadala. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, ile ambayo uhai hutegemea, haina neno lililozoeleka.

Kwa upande wa pili ipo "tiba shufaa", jina la huduma itolewayo na taasisi kama ile ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Aliyeiunda alikuwa na sikio zuri: shufaa ni uombezi, kusimama upande wa mtu. Tatizo ni jirani yake. "Shifaa", yenye asili katika mzizi mwingine wa Kiarabu, ni uponyaji, na irabu moja tu ndiyo inayoyatenga maneno hayo. Msikilizaji Mwislamu anaweza kuyachanganya; asiye Mwislamu mara nyingi halijui lolote kati yake. Hivyo, pale familia inapohitaji kusikia kwamba lipo bado jambo la kufanya, inapewa ama ahadi ya uongo isiyokusudiwa, ama sauti tupu. Hata morfini ya kunywa, ambayo humwezesha mgonjwa kulala na kuzungumza na wanawe, hukabidhiwa familia kwa jina la "dawa ya maumivu", jina lilelile la vidonge vya kichwa vinavyouzwa dukani kwa jirani.