Pongezi kwa Wapuliza Moto

Mpuliza moto wa sarakasi anastahili heshima ya fundi, si ya mchawi. Moto hautoki tumboni: hubana midomo na kupuliza mafuta kwa nguvu, yatoke kama ukungu na kushika moto kwenye mwenge. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafike nyuzi 38 hivi za Selsiasi. Petroli huwaka hata kwenye baridi kali, ndiyo maana anayejua kazi haigusi. Hupima upepo kwanza, na baada ya kila mpulizo hufuta kidevu.

Watasema ni wazimu, maana mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia. Kweli, na madaktari wameiita nimonia hiyo kwa jina la kazi yenyewe. Lakini hapo ndipo fundi anapoachana na mbabaishaji: kutovuta pumzi mapema, hata makofi yakivuma, hufunzwa kwa maji matupu kabla ya mafuta.