Nani Atangulie

Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Pakistan ilimtanguliza mtoto. Shahid Afridi, aliyeandikishwa kuwa na miaka 16, alikuwa ameitwa Kenya kurusha mpira, na katika mechi yake ya kwanza hakushika gongo kabisa. (Gongo la kriketi, si lile la kunywa.) Siku hiyo dhidi ya Sri Lanka, wiketi ya kwanza ilipoanguka, yaani mpigaji wa kwanza alipotolewa, akaambiwa aingie yeye, nambari tatu, watu wazima wakabaki wamekaa na pedi zao miguuni. Mipira 37 ilimtosha kufikisha mikimbio 100. Mara 11 mpira ulivuka mpaka bila kugusa ardhi. Ikawa rekodi ya mia ya haraka zaidi katika mechi za kimataifa za siku moja, na ilidumu hadi Januari 1, 2014.

Wanaoisimulia siku ile husifu mikono ya kijana. Mimi humfikiria aliyesema, "Nenda wewe." Wazo lenyewe lilikuwa hewani mwaka ule. Miezi michache nyuma Sri Lanka ilikuwa imetwaa Kombe la Dunia kwa kuwatuma Jayasuriya na Kaluwitharana wacharaze tangu ova ya kwanza, ile mipira sita ya mwanzo, na Wakenya tulilionja hilo mjini Kandy tulipopigwa mikimbio 398. Dawa ya moto ni moto. Lakini kujua dawa ni jambo moja. Kumkabidhi mtoto kibuyu ni jambo jingine.

Kwa mtu wa pembeni, kupanga wapigaji kunaonekana kazi ya karani: majina 11, aliye bora juu, asiyejua chini. Ingekuwa hivyo, kompyuta ingetosha. Mpangaji hasa anapanga saa. Mpira mpya ni mgumu, unang'aa, na mshono wake umesimama. Hukata hewani na kuruka ovyo ukitua. Kadiri unavyopigwa ndivyo unavyochakaa na kulainika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wapigaji wazuri wanaofungua zamu huupokea mpira mpya vivyo hivyo: kwanza heshima, wanauacha upite, wanaukinga kwa upole, hadi ugeni uishe. Wa kazi hiyo si lazima awe na mapigo mazuri kuliko wenzake. Awe na subira, na asione haya kukaa nusu saa bila mkimbio.

Nambari tatu ndiyo taabu. Huenda akaingia baada ya mpira mmoja, huenda baada ya saa tatu, naye hukaa amevaa tayari, roho juu. Wapo wapigaji hodari ambao kungoja huwamaliza. Hilo halionekani kwenye wastani wa mtu. Linaonekana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwa nahodha mwenye macho. Tena yuko anayetumia mkono wa kushoto: mweke na wa kulia, kila mkimbio mmoja unamlazimu mrushaji kubadili shabaha na wadakaji kuhama. Jua la mchana litawamaliza.

Somo kubwa zaidi nalipata Melbourne, Januari 1937. Zamani zile uwanja haukufunikwa mvua iliponyesha, na siku ile ardhi iligeuka tope la hila, mpira ukatua na kufanya utakavyo. Uingereza ilifunga zamu yake kwa hiari ikiwa na 76 kwa wiketi tisa, ili Australia nao waingie topeni kabla halijakauka. Don Bradman, nahodha, akaigeuza karatasi juu chini. Aliwatuma O'Reilly na Fleetwood-Smith wafungue, warushaji ambao kwa kawaida huingia mwisho watu wakikusanya vitu vyao. O'Reilly alitoka mpira wa kwanza. Haikuwa hasara: kilichokuwa kikinunuliwa pale ni muda wa ardhi kukauka. Bradman mwenyewe, bingwa wa dunia, aliingia wa saba, timu ikiwa 97 kwa tano. Akapiga 270. Yeye na mwenzake Fingleton waliongeza 346 kwa pamoja, na Australia, iliyokuwa nyuma kwa mechi mbili bila, ikashinda hiyo na mbili zilizofuata. Wapo watakaosema bingwa alijificha. Sawa, alijificha. Mkulima naye huficha mbegu mvua isipokuwa yake.

Bradman, hata hivyo, alijishusha mwenyewe. Kumshusha mwingine ndiko kugumu, maana nafasi ya mtu ni kiti chake, na kiti kina jina. Kolkata, Machi 2001, India ilitolewa kwa 171 ikalazimishwa kupiga tena papo hapo, ikiwa nyuma kwa 274 mbele ya Australia iliyoshinda mechi 16 mfululizo. Mpigaji wao Laxman, wa sita katika zamu ya kwanza, alikuwa amefikisha 59. Wakampandisha hadi nambari tatu. Nambari tatu ilikuwa ya Rahul Dravid. Ndiye aliyeshuka hadi sita.

Hapo ndipo ninapoutazama ufundi huu kwa heshima. Wangapi kati yetu, tukiondolewa kitini mchana kweupe, tungekaa pembeni tukinuna kimya kimya, tucheze kwa shingo upande ili ionekane tulionewa? Dravid alipoingia alimkuta Laxman kati, wakapiga pamoja siku nzima ya nne bila wiketi hata moja kuanguka. Waliongeza mikimbio 376. Laxman alifikisha 281, Dravid 180, na India ikashinda kwa 171. Kwenye karatasi ya matokeo, jina la Dravid liko mstari wa sita.