Lugha na Marejeo: Uhakiki wa Santuri ya "Zango" ya Bendi ya WITCH

Mwaka 2023 bendi ya WITCH ya Zambia ilitoa santuri iitwayo Zango. Iliyoitangulia ilitoka mwaka 1984, nayo haikuwa na sauti ya Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, mwimbaji aliyeijengea bendi hiyo sifa katika miaka ya 1970. Kwa hiyo tunaponena juu ya marejeo, hatuna budi kuuliza ni nani aliyerejea, na amerejea kwa nani. Swali hili la pili ndilo linalotuhusu sisi wanalugha.

Msomaji akumbuke hali ilivyokuwa. Bendi ilizaliwa katika Ukanda wa Shaba, wakati ambapo serikali ya Kenneth Kaunda ilitaka redio ipige zaidi muziki wa Wazambia wenyewe. Agizo lilimhusu mwimbaji, halikuihusu lugha. Vijana wale wakashika magitaa ya umeme yenye sauti ya mkwaruzo, wakaimba aghalabu kwa Kiingereza. Hata jina "Jagari" ni la Mick Jagger lililovishwa irabu za Kibantu. Kisha bei ya shaba ikaanguka, disko likaingia, na baadaye Ukimwi ukawachukua wengi wa kizazi kile. Jagari akafundisha shule, halafu akachimba vito. Katika kikosi cha awali alisalia peke yake.

Katika Zango twasikia Kibemba na Kinyanja kwa wingi usiokuwapo zamani. Mwalimu wa lugha za Kiafrika atakuwa mwepesi wa kupiga makofi. Nami nilipiga, kisha nikasita. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, kijana mmoja katika duka la santuri kuukuu aliniambia kwamba huupenda muziki wa Afrika hasa kwa kuwa haelewi neno hata moja. Kwake lugha ilikuwa ngoma tu. Sasa, ikiwa wanunuzi wa WITCH ni wa Ulaya na Marekani, ambako santuri zake za kale zilitolewa upya mnamo miaka ya 2010, je, Kibemba hiki si pambo la kuuzia?

Jibu langu limo katika wimbo mmoja, "Unimvwesha Shuga". Mjuzi wa Kiswahili ataufumbua muundo wake pasipo kamusi: u- ya mtenda, -ni- ya mtendwa, mzizi wenye maana ya kusikia, na -esha ya kauli ya kutendesha. Wanifanya nisikie utamu wa sukari. Na kusikia huku si kwa masikio, bali ni kule kwetu kwa "nasikia baridi" au "nasikia njaa". Lakini tazama zaidi. Kichewa sanifu kingesema -ndi- palipo na -ni-, na -etsa palipo na -esha. "Shuga" nalo ni neno la Kiingereza. Hii si lugha ya makumbusho. Ni Kinyanja cha mitaa ya Lusaka, kilichochanganyika na Kibemba kama watu wanavyochanganyika sokoni. Mgeni anayetafuta "uasilia" hana haja na mseto huo wala hawezi kuutambua. Anayeutambua ni abiria wa basi la Lusaka, naye ndiye anayesemeshwa.

Nyimbo za Kiingereza hazinishawishi kwa kiasi hicho. Katika Lazy Bones!! ya mwaka 1975 Kiingereza kilikuwa vazi la kuazima, lakini kilivaliwa kwa ufidhuli wa ujana, na ufidhuli huo ndio uliokifanya kiwe chao. Mwimbaji aliyepita miaka 70 hawezi kuutengeneza upya, na pale anapojaribu twasikia jitihada kuliko wimbo. "Avalanche of Love" inaokolewa na Sampa the Great, msanii mzaliwa wa Zambia, ambaye umri wake unamruhusu kuwa na jeuri ambayo mzee ameiacha nyuma.

Mtu atasema kwamba wimbo mmoja hautoshi kuwa ushahidi. Ni kweli. Ningependa wenzetu wa Lusaka wazinakili nyimbo hizi zote kwa maandishi, pamoja na toni zake, maana masikio ya mtu wa Nairobi, hata yakisaidiwa na sarufi, hayafiki mbali.