Nasaba ya Mama na Lugha ya Mama: Tahakiki ya Ushahidi wa DNA katika Historia ya Lugha za Eringeti

Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichapisha uchunguzi wao wa DNA ya mitokondria ya watu 147. DNA hiyo mtoto huipokea kwa mama, na ni mabinti tu wanaoirithisha. Kwa kufuata mabadiliko yake madogo madogo, watafiti hao walirudi nyuma hadi kwa mama mmoja wa asili, aliyeishi Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Tangu hapo historia ya lugha imepata ushahidi mpya. Linalostahili kutahakikiwa ni desturi iliyofuata, yaani kuuchukua mti wa akina mama na kuulinganisha na mti wa lugha kana kwamba yote miwili ni mti mmoja.

Eringeti, kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye mpaka wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, ni mahali panapofaa kuipimia desturi hiyo. Katika eneo hilo na misitu inayolizunguka hukutana familia mbili za lugha. Kinande na Kibila ni lugha za Kibantu, ilhali Kimvuba na Kilese ni za familia ya Sudani ya Kati. Wawindaji wa msituni nao hawana lugha moja: Waefe husema lugha iliyo karibu sana na Kilese, na Wasua husema lugha iliyo karibu na Kibila. Hata hivyo, katika tafiti nyingi za jenetiki wote hao huitwa "Wambuti". Kwa mwanaisimu, jina hilo moja huficha jambo lenyewe linalotafutwa.

Haifai kuupuuza mchango wa tafiti hizo. Mwaka 2004 Giovanni Destro-Bisol na wenzake, wakitumia DNA ya mitokondria, walionyesha kwamba wawindaji wa misitu ya mashariki na wale wa magharibi walitengana kabla ya kuenea kwa Wabantu. Isimu peke yake isingeweza kulifikia jambo hilo, kwa kuwa makundi hayo leo husema lugha za wakulima wanaopakana nao. Lakini matokeo hayohayo yanaonyesha kwamba nasaba inaweza kudumu pale ambapo lugha imebadilika.

Ndoa nazo huzidi kuutenganisha mti mmoja na mwingine. Wanawake wa Kiefe huolewa na wanaume wa Kilese, ilhali kinyume chake ni nadra. Na watoto wa ndoa hizo huhesabiwa kuwa Walese, kwa kuwa ukoo hufuata baba. Hivyo mitokondria ya mama wa msituni huingia kijijini kizazi baada ya kizazi, bila kuandamana na lugha yoyote ya kwake. Pwani ya Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba watu wengi wa miji ya Waswahili walikuwa na nasaba ya Kiafrika hasa kwa upande wa mama, na ya Kiajemi kwa sehemu kubwa kwa upande wa baba. Kiswahili kilibaki Kibantu; hapo lugha ilisimama upande wa mama. Basi hakuna kanuni moja inayoweza kutolewa pwani ikatumiwa msituni.

Kiswahili chenyewe ni ushahidi wa tatu. Stanley alipopita Ituri mwaka 1887 alikuta vituo vya wafanyabiashara wa pembe waliotoka mashariki, kikiwamo cha Kilonga-Longa. Baadaye utawala wa Kibelgiji, jeshi, masoko na makanisa viliikuza lugha hiyo, hata leo huwaunganisha Wanande, Wamvuba na Walese. Mtafiti atakayesoma mitokondria za wasemaji wake wa Eringeti hataona humo njia iliyokileta.

Aidha, ipo kasoro ya hesabu. Ukirudi nyuma vizazi kumi, kila mtu ana nafasi 1,024 za wahenga; mitokondria humsemea mmoja tu kati yao.

Suala hili lina uzito nje ya darasa. Tangu Oktoba 2014 mashambulizi dhidi ya raia katika eneo la Beni, Eringeti ikiwamo, yamewahamisha watu wengi. Sampuli ikichukuliwa kwa kuzingatia mahali mtu alipokutwa tu, historia ya ukimbizi wa jana itasomwa kuwa uhamaji wa kale. Vilevile, mahali ambapo haki ya ardhi hudaiwa kwa hoja ya nani alitangulia, ramani ya vinasaba inaweza kugeuzwa hati ya kumfukuza jirani.

Kwa hiyo kila sampuli yafaa iandamane na maelezo ya mahali alipozaliwa mama na bibi, lugha walizosema, na lugha ya baba. Maelezo hayo hupatikana kwa kuuliza, tena kwa lugha ya anayeulizwa, na ni kazi ambayo idara za isimu zina ujuzi nayo kuliko maabara. Pasipo maelezo hayo, DNA ya mama hubainisha nani alimzaa nani, na swali la lugha aliyombembelezea mwanawe hubaki bila jibu.