Mwalimu wa "Adolescence" ni Mtoto

Tamthilia ya Adolescence ilianza kuonyeshwa Netflix Machi 2025, na kabla mwezi haujaisha ikawa imeshageuzwa somo. Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, aliunga mkono mpango wa kuionyesha bure katika shule za sekondari za nchi yake, ili vijana wajue hatari za mtandaoni. Mimi nikisikia kazi ya sanaa inaingia darasani na baraka za wakubwa, huwa naingiwa na wasiwasi.

Kisa chenyewe: Jamie Miller, miaka 13, anakamatwa alfajiri kwa kumuua Katie, mwanafunzi mwenzake. Sehemu ni nne, na kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatiki. Watunzi, Jack Thorne na Stephen Graham (huyu ndiye pia aliyeigiza baba wa Jamie), hawajishughulishi kutuficha muuaji. Swali lao ni kwa nini.

Jibu linaanza kutoka sehemu ya pili, tena halitoki kwa mwalimu. Walimu wa shule ile kazi yao kupiga kelele tu. Inspekta Bascombe amesoma alichoandika Katie chini ya picha za Jamie huko Instagram, akadhani hao walikuwa marafiki. Mwanawe, Adam, anayesoma hapohapo, anamwita pembeni. Kijana amechoka kumwona mzee wake akijiaibisha. Anamfafanulia: kile kidonge chekundu kina maana yake, ile 100 nayo ina yake, zinatoka kwa wanaume wanaoamini kwamba asilimia 80 ya wanawake wanawataka asilimia 20 tu ya wanaume. Kumbe Katie alikuwa akimkebehi Jamie, kwamba wewe ni wa kukosa wanawake maisha yako yote! Na wenzao wakagonga mioyo kuafiki. Inspekta mzima, hoi.

Sisi tunaojifunza kuandika tuitazame hapo mara mbili. Ujumbe umebebwa na aibu ya mtoto kwa baba yake, ndiyo maana haunuki mahubiri.

Sasa lawama yangu. Katika sehemu ya tatu, Jamie akihojiwa na mwanasaikolojia Briony, inachomoza habari kwamba picha ya Katie akiwa kifua wazi ilisambazwa shuleni. Jamie aliiona, kisha akamtongoza, akidhani kwa aibu ile msichana atakuwa mnyonge na hatakataa. Maneno machache, yakapita. Mbona hivyo? Wanafunzi wanaonywa kila siku wajihadhari na wasiowajua, na katika kisa hiki wote wanajuana, wanakaa darasa moja.

Tena wengi watakaokaa mbele ya video ile si Jamie, na Mungu apishie mbali, si Katie pia. Ni wale waliotumiwa picha, wakaitazama, wakamrushia jirani. Hao tamthilia haiwapi hata sura. Askari Misha Frank ananung'unika kwamba watu watamkumbuka Jamie na Katie atasahauliwa; yaani watunzi wanalijua kosa, na bado wanalifanya.

Sehemu ya nne ni ya wazazi. Wanalia kwa sababu mtoto alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, wakajua yuko salama. Nami nilisisimka, sikatai. Lakini kijana wa miaka 14 atafanya nini na kilio hicho, zaidi ya kuwaonea huruma?

Ningekuwa mwalimu ningeonyesha yale mazungumzo ya Adam na baba yake tu, kisha nikazima video na kugawa karatasi. Nanyi wenzangu wa kalamu, hebu jaribuni: hadithi ya mtu wa tisa kutumiwa picha ya Katie. Ni saa tatu usiku, simu imelia, na bado hajaifungua.