Kuieleza Kompyuta Gikondo

Ukimwambia dereva wa pikipiki wa Kigali "Gikondo", hahitaji maelezo mengi. Kama ni msimu wa maonyesho ya biashara atakupeleka moja kwa moja viwanjani; kama umepakata kikapu cha mboga atakisia kwamba unarudi nyumbani, mlimani. Kompyuta haijui kukisia. Kwake Gikondo ni herufi saba tu, mpaka atokee mtu wa kuieleza mambo ambayo mkazi wa pale hajawahi kuelezwa na yeyote.

Watu hao wapo. Wengi hujitolea kwenye Wikidata, hazina ya data iliyofunguliwa mwaka 2012 ambayo yeyote anaweza kuihariri, na kazi yao ikifanywa vizuri ni ufundi wa kutazamwa taratibu.

Huanza kwa kutenganisha. Sekta ya Gikondo, wilayani Kicukiro, ni kitu kimoja. Kinamasi kilicho bondeni ni kingine, na viwanja vya maonyesho ni cha tatu, ingawa gazeti laweza kuviita vyote Gikondo ndani ya aya moja na asilalamike mtu. Kila kimoja hupewa namba yake, kama Rwanda ilivyo Q1037 na Kigali Q3859. Jina laweza kuandikwa kwa Kinyarwanda, Kiswahili au Kifaransa, namba haibadiliki.

Kisha huja sentensi, fupi kupita kiasi: sekta ya Gikondo, iko ndani ya, wilaya ya Kicukiro. Fundi mzuri huishia hapo. Kwenye sentensi hiyo haongezi Kigali wala Rwanda, kwa sababu ukurasa wa Kicukiro unataja jiji lake, na wa jiji unataja nchi. Kompyuta itapanda ngazi hizo yenyewe. Mwanagenzi hujaza kila kitu kila mahali, halafu mipaka ikibadilika, kama mwaka 2006 Rwanda ilipojipanga upya katika wilaya 30 na sekta 416, hubaki akikimbizana na marekebisho.

Kwenye majira ya nukta ndipo napenda zaidi kumtazama fundi. Gikondo iko karibu na 1.97 kusini na 30.07 mashariki. Tarakimu ya mwisho ina uzito wa kilomita moja hivi, nayo yatosha kukushusha kutoka mlimani hadi majini. Wikidata hutanguliza latitudo. Mafaili mengi ya ramani hutanguliza longitudo. Anayehamisha namba bila kuzigeuza atairusha Gikondo hadi jangwani Algeria, jirani na mji wa Béni Abbès, na kompyuta itapokea bila kushtuka. Fundi hufungua ramani na kuangalia, hata kama jana aliangalia.

Tarehe nazo zina vipimo vyake. Mabadiliko ya mipaka huweza kuandikwa kwa mwaka tu. Mauaji ya Watutsi waliokuwa wamekimbilia parokia ya Wapallotti pale Gikondo, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, yanastahili ukurasa wa peke yake, si mstari uliochomekwa kwenye maelezo ya sekta, na tarehe huandikwa kamili, 9 Aprili, chanzo kikiwa kimeambatishwa. Hapo sioni ukavu wowote katika data.

Halafu kuna viwanda. Kwa miaka mingi vilijaa bondeni, ndani ya kinamasi, kabla serikali haijaamua viondoke. Baadhi vilihamia ukanda maalumu wa kiuchumi, Masoro. Asiyejua kazi angefuta mstari unaosema kiwanda fulani kiko Gikondo na kuandika mpya. Fundi hafuti. Mstari wa zamani anauachia mahali pake, anauongezea tarehe ya mwisho, kisha anaandika wa Masoro chini yake na tarehe ya kuanza. Kompyuta ikiulizwa kulikuwa na nini bondeni mwaka 2010 itavitaja viwanda. Ikiulizwa kuhusu leo itataja kinamasi.