Kitasa cha Bweni na Kipimo cha Upande wa Ndani

Kitasa cha mlango wa shule hupimwa kwanza kwa upande wa ndani. Kauli hii huwashangaza wanunuzi wengi, wawe wakuu wa shule au wajumbe wa bodi, kwa kuwa wamezoea kusimama nje ya mlango na kuuliza mwizi atatumia muda gani kuuvunja, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni iwapo mtoto mdogo kuliko wote bwenini, gizani, moshi ukiwa umemziba macho na wenzake wakimsukuma mgongoni, ataufungua mlango huo bila ufunguo na bila kufundishwa upya. Kitasa kilichoshindwa jaribio hili hakina haja ya kupimwa kwa lingine lolote, hata kiwe kizito na cha bei kubwa namna gani.

Nchini Kenya kipimo hicho kimeandikwa rasmi. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka kila bweni liwe na mlango katika kila ncha pamoja na mlango wa ziada wa dharura katikati, upana wa milango usipungue futi 5, yaani karibu mita 1.5, milango yote ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kamwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha nayo yasiwekwe nondo na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Masharti haya yalitanguliwa na vifo. Baada ya moto wa shule ya wasichana ya Bombolulu, Machi 1998, ulifuata ule wa Kyanguli, Machakos, mwezi huohuo mwaka 2001, uliowaua wavulana 67 katika bweni ambalo mlango wake mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana nondo. Sharti la kufunguka kwa nje lina sababu ya kimwili iliyo wazi: umati unapoufikia mlango unaofunguka kwa ndani, walio nyuma huendelea kusukuma na walio mbele hubanwa kwenye ubao, kiasi kwamba hata mlango usiofungwa hauwezi tena kuvutwa.

Hukumu ya kwanza inayotokana na hayo ni kwamba kufuli, yaani kifungio kinachoning'inia kwenye tumbuu na kuondolewa kwa mkono, halina nafasi katika mlango wa mahali wanapolala watu. Hakuna kufuli bora la bweni, kama vile hakuna sumu bora ya kisima. Kiwango cha Ulaya cha makufuli, EN 12320, hupanga uimara katika madaraja kuanzia 1 hadi 6, na kufuli la daraja la 6 likitundikwa nje ya bweni huwa na hatari zaidi kuliko la daraja la 1, kwa kuwa mwokoaji mwenye nyundo atachukua muda mrefu zaidi kulivunja. Komeo lililochomelewa nje na fundi wa vyuma lina kosa hilohilo, hata lisipotiwa kufuli, maana mtu yeyote apitaye anaweza kulisukuma.

Kufuli linabaki na kazi yake katika stoo ya chakula na geti la nyuma la uwanja, na huko linastahili kuchaguliwa kwa makini. Jicho la kwanza liende kwenye upinde wake, ambao unapaswa kuwa wa chuma cha pua kilichokazwa kwa moto na wenye mwanya mdogo sana kati yake na mwili wa kufuli, ili mkasi wa chuma usipate pa kuuma. Kufuli likiwa wazi, ndani ya tundu la upinde huonekana namna linavyojishika: katika makufuli hafifu upinde una mkato upande mmoja tu na hushikwa na ulimi mdogo wa springi, ambao kipande chembamba cha bati kikipenyezwa kandokando ya upinde huurudisha nyuma na kufuli likaachia, ilhali katika makufuli mazuri upinde una mikato miwili iliyoviringwa, mmoja kila mguu, na hushikwa na gololi mbili za chuma ambazo bati haliwezi kuzirudisha. Alama hii huonekana kwa macho dukani, na ni ya kutegemewa kuliko maandishi yaliyogongwa ubavuni.

Kwa mlango wa bweni na wa ukumbi, chombo kinachostahili ni upau wa dharura, yaani fimbo ya chuma iliyolala kukingama upande wa ndani wa mlango, ambayo ikisukumwa mahali popote hurudisha nyuma ulimi wa kitasa, ilhali upande wa nje mlango unabaki umefungwa na hufunguliwa kwa ufunguo. Aina maarufu ya chombo hiki ilizaliwa Marekani. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois wa Chicago uliungua wakati wa maonyesho na watu wapatao 600 walikufa, wengi wao wakiwa mbele ya milango iliyofungwa au yenye vifungio wasivyojua kuvitumia. Carl Prinzler, muuzaji wa vifaa vya ujenzi wa kampuni ya Vonnegut huko Indianapolis, alishirikiana na mhandisi Henry DuPont kutafuta kitasa kinachozuia kuingia pasipo kuzuia kutoka, na mwaka 1908 kampuni hiyo ikaanza kukiuza kwa jina la Von Duprin, lililoungwa kutokana na majina ya Vonnegut, DuPont na Prinzler.

Ubora wa upau wa dharura una vipimo vinavyoweza kufuatwa bila maabara. Kiwango cha Ulaya cha EN 1125 kinataka upau ufungue mlango kwa nguvu isiyozidi nyutoni 80, ambayo ni kama uzito wa mzigo wa kilo 8, na mlango unaposukumwa kwa nyutoni 1,000, kana kwamba umati umeuegemea, nguvu ya kufungulia isizidi nyutoni 220. Sharti hili la pili ndilo linalotenganisha chombo cha kweli na cha kuiga, kwa sababu vyombo vingi hafifu hufunguka kwa ulaini mkubwa dukani lakini hukwama ulimi unapobanwa kwenye fremu. Jaribio lake ni jepesi: watu wazima wawili huegemea ubao kwa mabega, na mtoto wa darasa la chini huusukuma upau kwa kiganja kimoja. Upau unapaswa kuchukua angalau asilimia 60 ya upana wa mlango, na ufungwe chini kidogo kuliko kawaida pale ambapo watumiaji ni watoto wadogo. Sikio nalo lisaidie, kwa kuwa upau mzuri hurudi mahali pake kwa mlio mmoja wa kukata, na ule unaokwaruza au kurudi kwa uvivu una springi dhaifu au umefungwa ukiwa umepinda.

Wauzaji huchanganya chombo hiki na kingine kinachofuata kiwango cha EN 179, ambacho hufunguliwa kwa mkono wa kushusha au kibao cha kubonyeza. Hicho kimekusudiwa watu wachache wanaolijua jengo vizuri, kama walimu katika ofisi yao, na hakitoshi pale ambapo wengi watafika mlangoni kwa hofu.

Upana wa futi 5 unaleta tatizo ambalo michoro mingi hulipita kimya. Mlango wa upana huo hauwezi kwa kawaida kuwa wa ubao mmoja, kwa hiyo fundi hutengeneza mbao mbili, mmoja wa kupitia na mwingine uliotulia, na ule uliotulia huushikilia kwa vikomeo viwili, kimoja juu na kingine chini. Mkaguzi akija na futi yake hupata mita 1.5 barabara, na usiku wanafunzi hupata nusu yake, kwa kuwa hakuna mtoto atakayeinama katikati ya moshi kutafuta kikomeo kilichojaa mchanga. Mbao zote mbili zinapaswa kuwa na upau wake na kufunguka kwa mkono uleule mmoja. Bweni lisilo na fedha za kufanya hivyo lingefaidika zaidi na mlango mmoja mpana unaofunguka wote kuliko jozi ambayo nusu yake ni ukuta.

Baada ya upande wa ndani kuridhisha ndipo upande wa nje hupewa zamu, na hapa mlango unaofunguka kwa nje una udhaifu wake ambao mjuzi huutafuta mapema. Bawaba zake ziko nje, hivyo mwizi anaweza kung'oa pini ya bawaba na kuutoa ubao upande wa pili wa kitasa. Dawa yake ni bawaba ambazo pini yake imegongewa isitoke, au vijiti vya chuma vilivyopachikwa ukingoni mwa ubao upande wa bawaba, ambavyo huingia katika matundu ya fremu mlango unapofungwa. Mwanya kati ya ubao na fremu nao huuacha wazi ulimi wa springi, yaani ulimi wenye mteremko unaojifunga wenyewe mlango ukisukumwa, na ulimi huo hurudishwa nyuma kwa kisu. Kitasa kizuri huwa na kijiti kidogo kando ya ulimi, ambacho kikikandamizwa na bamba la fremu hukaza ulimi usirudi isipokuwa kwa upau au ufunguo. Kasoro inayokutwa mara nyingi si ya kiwandani bali ya ufungaji: tundu la bamba hutobolewa kwa upana kupita kiasi, kijiti kikatumbukia pamoja na ulimi, na kinga yote ikapotea. Kuitambua ni kazi ya dakika moja, maana mlango ukiwa umefungwa, ulimi husukumwa kwa ncha ya bisibisi. Ukirudi, tundu ni baya.

Bamba la fremu, ambalo ni kipande cha chuma kinachoupokea ulimi, hudharauliwa kuliko sehemu zote ingawa ndilo linalovunjika kwanza mlango ukipigwa teke. Skrubu fupi zinazokuja ndani ya boksi hushika ngozi ya mbao tu. Zinazofaa ni ndefu kiasi cha kupenya fremu na kuingia ukutani. Aidha, kitasa cha kuchimbiwa, yaani kile ambacho sanduku lake huzamishwa ndani ya ubao, kinahitaji ubao mgumu na mnene kama mninga au mvule, kwa kuwa mlango wa mbao nyembamba zilizogundishwa, wenye uwazi ndani, huachwa na kuta dhaifu mno mahali hapohapo ulipotobolewa.

Ndani ya kitasa, silinda ndiyo inayosoma ufunguo. Huwa na pini ndogo zinazosimama kwa urefu tofauti juu ya springi, na ufunguo sahihi huzipanga zote katika mstari mmoja ili silinda izunguke. Pini 5 ndicho kiasi cha chini kinachokubalika na 6 ni bora. Uzito mkubwa usimdanganye mnunuzi, kwani aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya dhahabu huwa nzito lakini huvunjika kama biskuti, ilhali shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, hukwaruzika kwa rangi ileile hadi ndani. Katika shule za pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, chumvi ya upepo wa bahari huzishika kwanza springi na skrubu, kwa hiyo hizo ndizo zichunguzwe iwapo ni za chuma kisichoshika kutu, wala si uso unaong'aa. Ulainishaji ufanywe kwa unga wa grafiti, kwa sababu mafuta ya injini hukusanya vumbi na kugeuka tope.

Ufunguo mkuu, unaofungua vitasa vyote vya shule, huwapendeza watawala na una gharama iliyofichika. Ili silinda iukubali ufunguo wa pili, pini zake hukatwa katika sehemu zaidi ya moja, na hivyo funguo nyingine zisizokusudiwa nazo hupata njia. Ufunguo huo ukipotea, shule nzima inabadilishiwa silinda. Ni busara kuuwekea mpaka katika ofisi na maabara.

Kuhusu madarasa, mjadala wa Marekani baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook mwaka 2012 unafaa kufahamika, kwa kuwa vitasa vya madarasa huko vilifungwa kwa ufunguo kutoka upande wa korido pekee, na mwalimu aliyetaka kujifungia na watoto alilazimika kwanza kutoka nje. Kitasa kinachopendekezwa tangu hapo hufungwa kutoka ndani, na bado hufunguka kwa kushusha mkono mmoja. Afrika Mashariki ina sababu yake ya kutafakari: huko Mpondwe, Uganda, Juni 2023, wavulana walijifungia bwenini na washambuliaji wakalitia moto. Kitasa hununua dakika chache tu, na kile kisichomruhusu aliye ndani kutoka humnyima hata hizo chache.

Hata hivyo, sababu inayotolewa kwa sauti ya chini pale mabweni yanapofungwa kwa nje si mwizi wala mshambuliaji, bali ni wanafunzi wanaotoroka usiku. Hofu hiyo ina haki yake, hasa kwa matroni atakayeulizwa asubuhi na mzazi, na mwongozo wa kitaalamu usioijibu utawekwa kabatini. Jibu lake ni kumtaarifu mlezi badala ya kumzuia mtoto: upau wa dharura hufungwa swichi inayoliza kengele katika chumba cha matroni mara tu unaposukumwa, na shule isiyo na umeme wa uhakika hutumia king'ora kidogo cha betri kilichofungwa juu ya mlango, au lakiri nyembamba ya plastiki inayokatika kwa msukumo wa mtoto na kuonekana asubuhi kwamba imekatika. Betri zijaribiwe kila mwanzo wa muhula, upau usukumwe na mwanafunzi mwenyewe mbele ya mlezi, na tarehe iandikwe kwenye daftari la bweni pamoja na jina la aliyeusukuma.